Fuata vyombo, usifuate ukumbi: jinsi muziki wa laivu wa Dar es Salaam unavyokwenda

Anayetafuta muziki wa laivu Dar es Salaam kwa mara ya kwanza huuliza, “Niende ukumbi gani?” Swali hilo limewafikisha wengi kwenye baa yenye viti vitupu na spika moja inayopiga nyimbo kutoka kwenye simu ya mhudumu. Dar ni jiji la bendi, na bendi huhama. Ukumbi uliokuwa ukifurika mwaka juzi leo umezungushiwa mabati, panajengwa ghorofa, na bendi iliyokuwa ikipiga pale iko mtaa wa tatu, Alhamisi badala ya Ijumaa. Wanaoyajua mambo haya huanzia kwingine. Huuliza vyombo ni vya nani, mlango anachukua nani, na leo ni siku gani. Ukipata majibu ya maswali hayo matatu, ukumbi utajulikana wenyewe.

Kabla ya yote, tenganisha laivu na pleibaki. Bango lenye picha ya msanii wa Bongo Fleva na maneno “atakuwepo laivu” mara nyingi maana yake ni kwamba msanii mwenyewe atafika, basi. Akifika ataimba juu ya wimbo wake uliokwisha kurekodiwa huku DJ akiucheza. Ataimba nyimbo tatu au nne, nusu saa hivi, kisha ataingia kwenye gari. Hakuna ubaya wowote, ila aliyetoka nyumbani kwenda kusikia gitaa likipigwa atarudi na kiu yake. Angalia jukwaa kabla hujalipa. Ukiona dramu zimefungwa na kuwekewa maiki zake, vikuza sauti vya magitaa vimepangwa nyuma na nyaya zinakwenda hadi kwenye mikisa, hapo patapigwa. Ukiona meza moja, laptop moja na maiki mbili zisizo na waya, ni pleibaki. Tamasha la Sauti za Busara la Unguja, lililoanza mwaka 2004 na ambalo hufanyika Februari, limejijengea jina kwa kushikilia jambo hilo moja: kila anayepanda jukwaani apige laivu kwa asilimia 100. Dar hakuna sheria kama hiyo, kwa hiyo kazi ya kuchuja ni yako.

Vyombo ni vya nani

Kwa watu wa bendi, “vyombo” ni mzigo mzima: magitaa, dramu, tumba, kinanda, tarumbeta na saksafoni, pamoja na mikisa, ampifaya na maspika. Wapigaji wengi hawana hata gitaa lao wenyewe. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, ndiye anayeamua jina, na ndiye anayebaki pale wanamuziki wanapoondoka. Mambo mengi yanayomkanganya mgeni, kama bendi kubadili majina au mwimbaji yuleyule kuonekana bendi tofauti kila baada ya miaka michache, yanatokana na hapo.

Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, na kwa miongo mitatu bendi nyingi zilikuwa za vilabu na za watu waliochangishana. Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha NUTA Jazz Band, kikanunua vyombo na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara. Jeshi, polisi, umoja wa vijana wa chama tawala na mashirika ya umma nao wakawa na bendi zao. Chama cha wafanyakazi kilipobadilika jina, bendi ilibadilika nacho: NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU, na leo ndiyo Msondo Ngoma, wenyewe wanajiita Baba ya Muziki. Bendi ni hiyohiyo moja.

Hasimu wake mkubwa, Mlimani Park Orchestra, alizaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, akiwa na wanamuziki waliotoka JUWATA, miongoni mwao Muhidin Maalim Gurumo. Mwaka 1983 bendi hiyo ilichukuliwa na Shirika la Uchumi la Dar es Salaam, DDC, ndiyo maana wengi wanaijua kama DDC Mlimani Park, au kwa mtindo wake, Sikinde. Mwaka 1985 mwenye bendi ya Safari Sound aliwavuta wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mpigo mmoja, Gurumo na Hassan Bitchuka wakiwemo. Sikinde haikufa, maana vyombo vilibaki na nafasi zikajazwa. Gurumo baadaye alirudi Msondo, akawa nguzo yake hadi alipostaafu. Alifariki mwaka 2014.

Kulikuwa pia na mkondo wa Kongo. Orchestra Maquis du Zaire ilihamia Dar miaka ya 1970, Orchestra Makassy nayo ikapiga hapa, Remmy Ongala akaja kuiongoza Super Matimila, na Kikumbi Mwanza Mpango, tuliyemwita King Kikii, aliishi na kupiga muziki Dar hadi kufariki kwake Novemba 2024. Ukisikia leo bendi ya Dar inapiga gitaa la solo kwa kasi ya Kinshasa huku maneno ni ya Kiswahili cha Pwani, hao ndio walioziunganisha njia hizo mbili.

Kuna sababu moja zaidi iliyofanya jukwaa liwe kila kitu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Radio Tanzania ilizirekodi bendi kwenye mikanda yake kwa ajili ya kutangaza, na santuri zilizotoka zilichapwa Nairobi. Mwanamuziki hakuwa na duka la kutegemea. Alitegemea mshahara wa shirika na ukumbi uliojaa Jumamosi.

Mashirika yalipojitoa miaka ya 1990, vyombo vilihamia mikononi mwa watu binafsi na kampuni. African Stars, yaani Twanga Pepeta, ilikua chini ya kampuni ya ASET ya Asha Baraka. FM Academia, Wazee wa Ngwasuma, nayo ilijaza kumbi kwa sebene la Kikongo, marapa na wanenguaji. Bendi hizi mpya zilileta vinanda na onyesho la jukwaani lenye watu wengi, na nyingi zikaacha tarumbeta na saksafoni, ambazo wapenzi wa dansi huziita midomo ya bata. Mpaka leo ukitaka kusikia midomo ya bata mitatu au minne ikijibizana na gitaa, nenda kwa wakongwe.

Kwa msikilizaji historia hiyo ina faida ya moja kwa moja. Bendi iliyoanzishwa juzi na mwimbaji maarufu aliyejitoa kwingine mara nyingi inapiga kwa vyombo vya kukodi. Miezi ya kwanza sauti itakuwa nyembamba, nyimbo za kopi, yaani za bendi nyingine, zitakuwa nyingi kuliko zao wenyewe, na besi itakuwa ya fundi aliyeazimwa. Iache miezi sita ndipo uihukumu. Bendi kongwe inaweza kuwa na maspika yanayokwaruza, lakini wapigaji wake wameshikana kiasi kwamba mpiga tumba anajua solo litakata wapi hata kabla mpigaji mwenyewe hajaamua.

Mlango anachukua nani

Utaratibu wa zamani, ambao bado upo, ni huu: bendi inachukua mlango, mwenye ukumbi anachukua vinywaji. Kiingilio kwa bendi za dansi mara nyingi ni sh. 5,000 au 10,000. Tuchukue mfano wa hesabu. Watu 150 kwa sh. 5,000 ni sh. 750,000. Toa sh. 100,000 za gari la vyombo, 80,000 za mafuta ya jenereta, 70,000 za matangazo na 50,000 za watu wa mlangoni, zinabaki 450,000. Bendi ya dansi yenye waimbaji, wapigaji, wanenguaji na fundi mitambo hufika watu 18 kwa urahisi. Kila mmoja anaondoka na sh. 25,000, kama mwenye vyombo hajakata fungu lake. Watu wakiwa 60 badala ya 150, hesabu inafia kwenye gari na jenereta.

Kwa sababu hiyo baa nyingi zimehamia utaratibu wa pili: mwenye baa anailipa bendi fedha iliyokubaliwa, na mlangoni hakuna kiingilio, au tangazo linasema kiingilio ni kinywaji chako. Hapa bendi ni ndogo, watu watano hadi wanane, kinanda kinafanya kazi ya tarumbeta, na kinachopigwa zaidi ni kopi: rumba, zilizopendwa, Bongo Fleva iliyopangwa upya. Wapo wapigaji hodari sana huko, lakini kazi yao ni kumfanya mteja akae na kuagiza. Ukitaka kusikia bendi ikipiga nyimbo zake, nenda kwenye kiingilio, na ukilipe. Kulazimisha kupita bure kwa kuwa unamfahamu mpiga besi ni kumnyang'anya huyohuyo mpiga besi.

Utaratibu wa tatu hauonekani na mgeni kabisa: harusi, sendofu, kichen pati na sherehe za ofisi. Huko ndiko fedha ya uhakika iliko. Ndiyo maana unaweza kufika Jumamosi ukakuta mwimbaji uliyemfuata hayupo na bendi imepungua nusu. Hajaugua, amepata kazi ya harusi. Ukitaka kikosi kamili, chagua siku isiyo ya harusi, yaani Alhamisi, Ijumaa au Jumapili.

Siku na saa

Kila bendi yenye afya ina ratiba ya juma: siku fulani ukumbi fulani, wiki baada ya wiki. DDC Kariakoo ilijulikana kwa Sikinde, TCC Chang'ombe kwa wakongwe wa dansi, Mango Garden ya Kinondoni kwa Twanga Pepeta, na Leaders Club kwa bonanza za Jumapili. Yachukue majina hayo kama ramani ya maeneo: Kariakoo, Ilala, Temeke na Chang'ombe ndiko dansi la wakongwe lilikoota mizizi, Kinondoni ndiko bendi za kisasa zilikojazana. Kwa ukumbi wa wiki hii, tafuta tangazo la wiki hii.

Tangazo hupatikana redioni katika vipindi vya zilizopendwa na vya burudani, kwenye bango la kitambaa lililotundikwa barabarani, kwenye gari la matangazo linalopita mtaani, na kwenye kurasa za Instagram na status za WhatsApp za wanamuziki wenyewe. Kurasa za bendi husahaulika, lakini mpiga solo haachi kutangaza kazi yake. Kisha piga simu siku hiyohiyo, baada ya saa 10 jioni. Uliza hivi: “Vyombo vimeshafika?” Ukiuliza kama kuna muziki leo, utajibiwa ndiyo hata kama hakuna, kwa sababu muziki wa spika upo siku zote. Vyombo vikiwa vimeshafika, bendi itapiga.

Saa iliyo kwenye bango ni saa ya kufungua mlango. Bango likisema saa 2 usiku, vyombo vitajaribiwa saa 2 na nusu, saa 3 wapigaji wataanza na ala tupu na waimbaji chipukizi, na waimbaji wakubwa watapanda saa 4 na nusu au saa 5, ukumbi ukishajaa. Usiku mzuri ni kati ya saa 5 na saa 7. Hata hivyo usifike saa 5, maana meza zitakuwa zimekwisha na utasimama mbele ya spika. Saa 3 ni wakati mzuri: unachagua mahali, na unasikia ala tupu, ambazo kwa anayependa magitaa ni sehemu tamu kuliko zote. Usiweke tumaini kwenye mwendokasi kwa kurudi. Bendi humaliza mabasi yakiwa yamelala. Tenga nauli ya bajaji au teksi kabla hujaagiza kinywaji cha kwanza.

Bonanza la Jumapili ni jambo jingine. Huanza saa 9 au saa 10 alasiri, mahali pa wazi, watu na watoto wao, nyama choma inazunguka, na huisha mapema kwa sababu kesho ni kazini. Kwa mgeni, kwa mwanamke anayekwenda peke yake, au kwa mtu mzima asiyependa kukesha, tunasema bila kusita: anzia bonanza.

Namna ya kusikiliza dansi

Wimbo wa dansi una sehemu mbili, na asiyejua huondoka wakati wa kubaki. Sehemu ya kwanza ni ya polepole. Waimbaji wawili au watatu wanaimba beti kwa pamoja, sauti zikiwa zimepangwa, na kisa kinasimuliwa: mume aliyetelekeza, rafiki msaliti, mtoto aliyepotea mjini. Wanaocheza hucheza wawili wawili, taratibu. Halafu pigo linakatika, dramu zinatoa ishara, na inaingia sehemu ya pili, ambayo wanamuziki huiita chemko. Kasi inapanda, maneno yanapungua, gitaa la solo linachukua uongozi, na watu wanaachana kila mmoja acheze kwake. Jukwaani wimbo mmoja huchukua dakika 10 hadi 15, na nusu yake ni chemko. Aliyezoea toleo la redioni hudhani wimbo umekwisha pale beti zinapokwisha. Kumbe ndipo unapoanza.

Sikiliza magitaa moja moja. Gitaa la rizimu linashikilia pigo lilelile bila kuchoka, chini kidogo ya sauti za waimbaji. Juu yake lipo gitaa la pili la solo, linalorudia kipande kifupi kinachoingia kwenye mianya ya rizimu. Solo lenyewe linapita juu. Besi ya dansi haitembei moja kwa moja. Inaruka, inanyamaza, inarudi, na inazungumza na tumba kuliko inavyozungumza na dramu. Fuata besi na tumba kwa wimbo mzima mmoja, na usiangalie kingine. Utashangaa ni mambo mangapi yalikuwa yakikupita.

Mahali pa kukaa pana uzito kuliko bei ya meza. Kumbi nyingi zina sakafu ya saruji na paa la bati, sauti inagonga na kurudi, na fundi mitambo hujibu kwa kuongeza zaidi. Ukikaa pembeni ukutani utasikia besi tupu. Ukikaa mbele kabisa utasikia gitaa lililo karibu yako na hutasikia waimbaji, kwa sababu sauti zao zinatoka kwenye maspika yaliyo mbele ya jukwaa yakielekea nyuma. Nafasi nzuri ni katikati, hatua kumi hadi kumi na tano kutoka jukwaani, karibu na fundi mitambo ikiwa amewekwa ukumbini, kwa kuwa anachosikia yeye ndicho anachokirekebisha. Maiki ikianza kupiga mluzi, kwa kawaida mwimbaji ameielekeza kwenye spika. Subiri sekunde chache, itatulia.

Kuna usiku wa mpambano, bendi mbili ukumbi mmoja, na mpambano wa Msondo na Sikinde ndio mama yao. Kila bendi inakuja na vyombo vyake na kupiga kwa zamu. Mashabiki hukaa kwa upande, na anayeshangilia upande usio wake anatazamwa. Ukiwa mgeni kaa katikati, ushangilie wote. Fika mapema zaidi ya kawaida, maana vyombo vya bendi mbili huchukua muda kufungwa na nafasi inajaa watu wakingali wanajaribu maiki.

Taarab: noti ina maneno

Taarab ya Dar si ile ya Unguja, na anayeitafuta moja ndani ya nyingine atasikitika. Ya Unguja, ya vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905, na Culture Musical Club, hupigwa kwa udi, ganuni, fidla, akodiani na dumbaki, watu wakiwa wameketi. Ya Dar, iliyopata nguvu miaka ya 1990 kwa ushindani wa vikundi vya Tanzania One Theatre na Muungano, kisha ikaendelezwa na vikundi kama East African Melody na Jahazi, hupigwa kwa vinanda viwili, gitaa la solo na besi. Wimbo mmoja una mwimbaji wake mmoja, na wenzake huitikia. Maneno ni ya mipasho: yanamhusu mtu, na mtu huyo anaweza kuwa ukumbini.

Hapo ndipo kutunza kunapokuwa na maana yake. Mshabiki husubiri ubeti. Ubeti unaosema jambo lake ukifika, anainuka, anakwenda jukwaani kwa mwendo wa ngoma, noti imenyanyuliwa juu ionekane, anamshikisha mwimbaji mkononi au kumbandika kwenye paji la uso, anageuka taratibu akiangalia upande anaoutaka, kisha anarudi. Kila aliyepo anajua kilichosemwa. Kwa hiyo mgeni asiinuke ovyo katikati ya ubeti wa mke mwenza au wa jirani mnafiki. Atakuwa amemtangazia mtu vita bila kujua. Tunza mwishoni, wakati kiitikio kinarudiwa na wengi wamesimama, au wimbo wa kusifu ukipigwa. Chukua noti za sh. 1,000 na 2,000, tano au sita, umezichenji kabla hujaingia, kwa sababu mlangoni chenji hakuna. Kutunza mara tatu kwa noti ndogo kunapendeza kuliko mara moja kwa noti kubwa.

Usiwarekodi wageni. Jukwaa lipige picha, hakuna atakayekukataza, lakini simu yako ikigeukia meza za wanawake waliokuja kujiburudisha umevunja adabu, na utaambiwa.

Mchiriku na singeli

Huku vyombo ni vichache na majirani ndio ukumbi. Mchiriku ulikua uswahilini kwa kinanda kidogo cha Casio kilichounganishwa kwenye ampifaya ya zamani na spika la tarumbeta kama la msikitini, pamoja na ngoma na waimbaji wawili watatu. Sauti ile inayokwaruza ni sehemu ya muziki wenyewe. Kundi la Jagwa limezunguka nayo hadi Ulaya. Singeli imetoka humohumo: vipande vya taarab na mchiriku vikaharakishwa kwenye kompyuta hadi mapigo 200, wakati mwingine hata 300, kwa dakika, na MC akamwaga maneno juu yake. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, nje walianza kusikia kilichokuwa kikichezwa Manzese, Tandale, Mburahati na Mbagala kwa miaka.

Je, singeli ni laivu wakati pigo linatoka kwenye laptop? Sisi tunasema ndiyo, pale MC anapotunga papo hapo, akiwataja walio mbele yake kwa majina, na DJ akikata na kurudisha pigo kumfuata. MC akiimba tu wimbo wake unaojulikana, ni pleibaki kama nyingine.

Singeli nzuri iko kwenye sherehe za mtaani, na hapo usiende bila mwenyeji. Ile ni shughuli ya mtu, mara nyingi usiku wa kuamkia harusi, na wewe ni mgeni usiyealikwa. Mwenyeji atakuombea ruhusa kwa wenye shughuli na kukuonyesha mahali pa kusimama. Vaa viatu vya kufunga, simu mfuko wa mbele, na ukae mbali na mnara wa maspika; ukilazimika kukaribia, nunua vizibo vya masikio duka la dawa. Pamba haizuii sauti ya kiwango hicho. Usishangae muziki ukizimwa ghafla: malalamiko ya kelele hufika polisi na kwa mamlaka ya mazingira, na shughuli isiyo na kibali ndiyo hukatizwa kwanza.

Kwa asiyeweza kukesha kuna njia nyingine. Nafasi Art Space ya Mikocheni na Alliance Française ya Upanga huandaa maonyesho yanayoanza saa iliyotangazwa, sauti ikiwa imepangwa vizuri, na mwisho ni kama saa 4 usiku. Kijiji cha Makumbusho hupiga ngoma za makabila mchana. Hapo utawasikia wapigaji hodari, ila hutaona watu wakitunza wala chemko likivuka dakika tano.

Ambalo wengi hawalijui ni mazoezi. Bendi nyingi hufanya mazoezi siku za mwanzo wa juma, kuanzia asubuhi hadi mchana, kwenye ukumbi uleule wanaopigia. Anayejifunza gitaa atapata zaidi hapo kuliko usiku kumi wa dansi: wimbo unasimamishwa, kiongozi anamwonyesha mpiga solo wa pili kipande kidole kwa kidole, wanarudia mara ishirini. Muone kiongozi wa bendi kabla, mwombe ruhusa, kaa kimya, usirekodi wimbo ambao haujatoka, na ukiwanunulia maji utakaribishwa tena.

Kalenda nayo ina mambo yake. Wiki ya mwisho wa mwezi kumbi hujaa kwa sababu mshahara umetoka. Katikati ya mwezi utapata meza lakini bendi inaweza kupiga kivivu. Mwezi wa Ramadhani bendi nyingi husimama au kupunguza, wapigaji hupumzika na nyimbo mpya hupikwa mazoezini. Kabla yake, wikiendi ya mwisho, kuna kuvunja jungu: dansi na taarab hadi alfajiri, kila kikundi kikitoa kilicho bora. Iddi Mosi na Iddi Pili ndipo nyimbo mpya huzinduliwa na kiingilio hupanda. Siku hizo mbili piga simu mapema uwekewe meza, na ufike saa 2.